FIZI ZIKITOKA DAMU, USIACHE MSWAKI



Je, umewahi kupiga mswaki asubuhi, ukatema mate, ukaona yana damu? Ulifanya nini? Nimewauliza watu wengi hapa kwetu Kasulu, na ndugu zetu wa Kibondo pia. Wengi hujibu hivi: "Niliacha mswaki kwanza, mpaka fizi zipone." Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwa ajili ya jibu hilo watu wanapoteza meno ambayo hayana tundu hata moja.

Mimi ni mganga wa zahanati ya kijiji. Sikusomea meno. Nilisoma kozi ya cheti, nikafundishwa malaria, nimonia, kuhara, uzazi na kufunga majeraha. Habari za kinywa zilichukua kurasa chache tu za daftari langu. Basi nilipoanza kazi, sikuwa na desturi ya kutazama vinywa vya watu. Mama mmoja ndiye aliyenifundisha.

Mama huyo alileta mtoto kupimwa uzito. Kila aliposema neno, aliziba mdomo kwa kitenge. Nilimwuliza, "Mama, una nini mdomoni?" Akasema fizi zinamtoka damu, mwaka wa tatu sasa, na mdomo unanuka. Akasema ameacha kukaa karibu na wenzake kanisani. Nami, bila kumwambia afungue kinywa, nikampa vidonge vya maumivu. Hata hakuwa na maumivu! Nikamwambia, "Pole mama, pumzisha mswaki kidogo." Hilo ni kosa langu mwenyewe, wala simsingizii mtu.

Alirudi baada ya miezi minane. Safari hii nilimwangalia. Meno mawili ya mbele, ya chini, yalikuwa yanatikisika. Niliyagusa kwa kidole yakaenda mbele na nyuma. Umri wake ulikuwa miaka 34. Nilimwandikia barua akaenda hospitali ya wilaya kwa tabibu wa meno. Jioni yule tabibu akanipigia simu. Akasema, "Huyu mama hana jino bovu. Meno yake ni mazima kabisa. Palipoharibika ni mahali yaliposimama."

Hebu tuone mahali hapo.

Jino lina sehemu mbili. Sehemu moja tunaiona, ndiyo tunayotafunia. Sehemu ya pili ni mzizi, nao umezama ndani ya mfupa wa taya. Nyuzi ndogo ndogo zinaufunga mzizi kwenye mfupa. Juu ya mfupa kuna nyama laini, ndiyo fizi. Fizi zimelikumba jino pande zote kama udongo ulivyokumba shina la mti.

Sisi tunaishi milimani, kwa hiyo mfano huu hauna shida. Umeona mti uliosimama kwenye mteremko ambao haukutiwa makinga-maji. Mvua ya mwaka wa kwanza inachukua udongo kidogo. Mwaka wa pili inachukua tena. Mizizi inaanza kuonekana. Mti wenyewe ni mzima, majani ni ya kijani. Lakini siku moja upepo mdogo tu unaulaza. Jino la yule mama lilikuwa linaelekea huko. Udongo wake, yaani fizi na mfupa, ulikuwa umeondoka polepole, bila kelele.

Ni nini kinachouondoa? Ni uchafu uitwao ukoga. Ukoga ni utando mlaini, mweupe au wa manjano, unaojishika kwenye jino karibu na ufizi. Kwaruza jino lako kwa ukucha asubuhi kabla ya kupiga mswaki, utauona. Si mabaki ya ugali tu. Ni vijidudu vingi sana vilivyoshikamana pamoja. Vijidudu hivyo havionekani kwa macho. Hutoa sumu inayoukera ufizi. Mwili unapoona adui, hupeleka damu nyingi mahali pale ili kupigana. Ndiyo maana ufizi unakuwa mwekundu, unavimba, na ukiguswa kidogo unatoka damu.

Basi elewa hapa, ndugu msomaji. Mswaki haukuujeruhi ufizi. Ufizi ulikuwa umekwisha kuugua, na mswaki umekuonyesha tu. Ukiacha mswaki, unawaacha vijidudu palepale, tena unawapa nafasi ya kuongezeka. Kesho damu itakuwa nyingi zaidi. Ufizi mzima ni mgumu kidogo na umebana jino. Kwa mswaki wa kawaida hautoki damu.

Jambo hili si la kubahatisha. Mwaka 1965 huko Denmark, daktari wa meno aitwaye Harald Löe na wenzake walifanya jaribio. Walichukua watu 12 wenye fizi nzuri. Wakawaambia waache kabisa kusafisha meno. Siku 10 hadi 21 hazijapita, fizi za wote zilikuwa zimevimba. Kisha wakawaambia waanze tena kupiga mswaki. Fizi zikapona, wengi wao katika muda wa wiki moja hivi. Hawakupewa sindano wala kidonge.

Kwa hiyo ugonjwa ukiwa bado mwanzoni, dawa yake iko mkononi mwako. Lakini usichelewe, kwa sababu ukoga haukai mlaini siku zote.

Akina mama wanajua habari ya sufuria ya ugali. Ukiiosha mara baada ya kula, ugali unatoka kwa vidole. Ukiiacha mpaka kesho, unakuta ukoko mkavu. Sasa vidole havitoshi, lazima ukwangue. Mate yetu yana madini ndani yake. Madini hayo huingia kwenye ukoga, na baada ya siku chache hadi wiki mbili ukoga unaanza kuwa mgumu kama jiwe. Jiwe hilo linaitwa ugaga. Mara nyingi linajaa nyuma ya meno ya mbele ya chini, upande wa ulimi. Peleka ulimi wako hapo sasa hivi. Je, pako laini kama upande wa nje, au pana ukuta unaokwaruza?

Ugaga hautoki kwa mswaki, hata ukisugua asubuhi mpaka jioni. Tafadhali usijaribu kuukwangua kwa msumari, wembe au ncha ya kisu. Utakata ufizi na kulichuna jino. Ugaga hutolewa na tabibu wa meno kwa vyombo vyake.

Ukiacha ugaga, vijidudu hushuka chini ya ufizi. Ufizi unaachana na jino na kufanya mfuko. Tabibu wa meno hupima mfuko huo kwa chuma chembamba chenye alama. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida. Ukifika 4 na zaidi, ugonjwa umeshuka. Mle ndani mswaki haufiki. Usaha unaweza kutoka. Mfupa unaanza kuliwa. Meno yanaonekana marefu, kwa sababu ufizi umerudi nyuma. Nafasi zinatokea kati ya jino na jino. Mwisho jino linatikisika. Mfupa ukishaliwa, kwa kawaida haurudi kama ulivyokuwa. Tunachoweza ni kuzuia usiliwe zaidi.

Na ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hauumi. Jino lenye tundu linakuamsha usiku, unakuja zahanati alfajiri ukiwa umefunga shavu kwa kitambaa. Ufizi haufanyi hivyo. Unakula mfupa miaka mitano au kumi, nawe unalima, unaenda mnadani, unacheza ngoma. Kwa hiyo usingoje maumivu. Ngoja damu tu, inatosha.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Piga mswaki mara mbili kwa siku. Asubuhi, na usiku kabla ya kulala. Kama huwezi mara mbili, basi usiku usikose, kwa kuwa ukilala mate yanapungua na vijidudu vinapata raha. Tumia muda wa dakika mbili. Watu wengi hutumia muda wa kutoka mlangoni mpaka shimo la taka! Weka mswaki mahali jino linapokutana na ufizi, uulaze kidogo kuelekea kwenye ufizi, kisha usugue polepole kwa miendo mifupi. Pita nje, pita ndani, pita juu ya magego. Usisugue kwa nguvu kama unayesugua jembe. Chagua mswaki wenye nywele laini, na ukiona nywele zimetawanyika kama ufagio mkuukuu, nunua mwingine. Kila mtu nyumbani awe na wake.

Huna mswaki wa dukani? Mswaki wa mti unafaa. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Kata kijiti kibichi cha mpera au mwarobaini, unene kama kalamu. Kioshe. Tafuna ncha mpaka iwe nyuzi laini kama brashi. Ukichoka nyuzi, kata ncha na utafune upya. Usitumie mti wenye utomvu mweupe unaowasha. Kasoro ya mswaki wa mti ni moja. Watu husafisha meno ya mbele, upande wa nje tu, huku wanatembea na kusalimiana njiani. Upande wa ndani na magego wanayasahau. Simama dakika mbili, uyafikie yote.

Dawa ya meno yenye floridi ni nzuri, hasa kwa kuzuia meno kutoboka. Lakini kinachoondoa ukoga ni kusugua. Usiache kupiga mswaki kwa sababu tyubu imekwisha. Piga kwa maji matupu. Mkaa uliosagwa, majivu na mchanga usitumie, maana hukwaruza meno na kuumiza fizi.

Siku za mwanzo damu itatoka. Usiogope, endelea. Kila siku itapungua. Kusaidia fizi zilizovimba, sukutua kwa maji ya chumvi. Chukua glasi moja ya maji ya uvuguvugu, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi ya Uvinza, ambayo watu wa mkoa huu wameijua tangu zamani, inatosha kabisa. Sukutua, tema, usimeze. Fanya hivyo mara mbili au tatu kwa siku, kwa siku chache. Lakini chumvi haichukui nafasi ya mswaki. Ni msaidizi tu.

Ikiwa umesafisha vizuri wiki mbili nzima na damu bado inatoka, njoo zahanati. Pengine kuna ugaga, au kuna jambo jingine mwilini.

Hapa lazima niseme juu ya "rangi mbili". Watu wananunua vidonge hivyo dukani, wanavifungua na kupaka unga kwenye ufizi. Wengine wanameza Flagyl siku mbili, wanaacha. Dawa za namna hiyo haziondoi ugaga. Damu inakoma siku chache, mtu anafurahi, kisha inarudi. Tena vijidudu vinazoea dawa, na siku utakapoihitaji kwa nimonia haitakusaidia. Na wale wanaotia maji ya betri kwenye jino, nawaomba kwa heshima zote, acheni. Maji hayo ni tindikali. Yanaunguza ufizi na mfupa pamoja.

Wako watu ambao fizi zao huugua upesi kuliko za wengine. Mama mjamzito ni mmoja wao. Mimba hubadilisha mwili, na fizi zake huvimba hata kwa ukoga kidogo. Si kweli kwamba mtoto tumboni hunyonya meno ya mama. Mama huyu asafishe meno zaidi, na akija kliniki aseme. Mwingine ni mwenye kisukari. Kisukari huharibu fizi, na fizi mbovu nazo hufanya sukari iwe ngumu kushuka. Ukiwa na fizi zinazovimba mara kwa mara, unakojoa sana na una kiu isiyokwisha, omba kupimwa sukari. Anayetumia dawa ya kifafa iitwayo fenitoini anaweza kuona fizi zikinenepa mpaka zifunike meno. Asiache dawa, maana kifafa kitamwangusha motoni. Aje tuzungumze.

Na mvutaji wa tumbaku, awe wa sigara au wa kiko, ana hatari ya pekee. Katika wilaya zetu tumbaku inalimwa, kwa hiyo haiko mbali na mdomo. Tumbaku huibana mishipa ya damu. Fizi zake zinaugua lakini hazitoki damu sana, naye hujiona mzima. Ile alama niliyokuambia uingoje, yeye inamfikia imechelewa.

Chakula nacho kina sehemu yake. Mtu asiyekula matunda wala mboga kwa muda mrefu fizi zake hudhoofika na kutoka damu. Mapera, maembe, machungwa na mchicha tunavyo. Tatizo ni kwamba mapera tunawaachia watoto na ndege.

Kuna dalili ambazo hazingoji wiki mbili. Uvimbe chini ya kidevu au shingoni, pamoja na homa, na mtu anashindwa kumeza au kupumua. Huyo apelekwe hospitali saa ileile, hata kama ni usiku, hata kwa bodaboda ya kukopa. Fizi zinazouma sana, ncha zake zimekufa na kuwa za kijivu, na harufu ni kali. Huyo aje siku hiyohiyo, na ni vizuri apime pia virusi vya Ukimwi.

Kwa watoto, fungueni macho zaidi. Mtoto mdogo aliyedhoofika kwa utapiamlo, au aliyetoka kuugua surua, anaweza kupata kidonda kwenye ufizi. Kidonda hicho mara chache sana hugeuka kuwa ugonjwa uitwao noma. Hupenya kutoka kwenye ufizi hadi shavuni katika siku chache, na kulitoboa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba bila matibabu ugonjwa huu unaweza kuua hadi watoto 90 katika 100. Shirika hilo liliuingiza katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwezi Desemba mwaka 2023. Lakini ukiwahiwa mwanzoni, dawa za hospitali, usafi wa kinywa na chakula bora huuzuia. Kwa hiyo ukiona ufizi wa mtoto dhaifu una kidonda, shavu linavimba na mdomo unanuka, usimpeleke kuchanjwa wala kukatwa ufizi. Mlete. Vilevile mtoto ambaye taya lake linavimba na magego yanalegea kabla ya wakati, aonwe na daktari mapema, maana uko uvimbe wa saratani unaoanza hivyo.

Ukienda kwa tabibu wa meno atakwangua ugaga, juu ya ufizi na chini yake. Unasikia kero, damu inatoka kidogo, basi. Watu husema, "Usisafishwe, meno yatalegea." Nimeyasikia maneno hayo hata kwa watu wenye elimu. Ukweli ni kwamba jino lilikuwa limekwisha kulegea, na ugaga ulikuwa unalishikilia kama tope linavyoshikilia nguzo iliyooza chini. Ukiuondoa tope, unaona hali yenyewe. Siku chache meno yatasikia baridi ya maji, kisha itapungua. Jino lililolegea kupita kiasi litang'olewa. Kabla ya kusafiri, mwombe mganga wa zahanati apige simu kuuliza siku ambazo tabibu wa meno yupo, na gharama ni kiasi gani. Nauli ya kwenda na kurudi si ndogo kwa mkulima.

Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa kwa vikundi kusikiliza redio, wakasoma juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mswaki ni kazi ndogo kuliko choo. Kama kikundi chenu cha kusoma bado kinakutana, leteni kioo kimoja siku ya kusoma habari hii. Kila mtu ajitazame fizi kabla ya kwenda nyumbani. Mzazi awashike mikono watoto walio chini ya miaka saba, kwa sababu peke yao hawawezi kusafisha vema.

Yule mama jino moja lilishindikana, likang'olewa. La pili lipo mpaka leo, linatikisika kidogo lakini linatafuna. Ugaga uliondolewa kwa safari mbili. Anapiga mswaki usiku, na damu ilikoma wiki ya pili. Mwezi uliopita alileta mtoto kwa chanjo, akazungumza nami muda mrefu juu ya bei ya maharage. Kitenge kilikuwa mabegani.